Hazina ya Mzee Kitereza

Kila nchi ina hadithi zake za mali zilizofichwa ardhini. Katika Tanzania hadithi inayopendwa kuliko zote ni ile ya Wadachi, yaani Wajerumani, kwamba waliposhindwa vitani mwaka wa 1916 walizika masanduku ya fedha na dhahabu chini ya miti mikubwa, nyuma ya maboma, na katika mapango. Hadithi hii ina punje ya kweli ndani yake. Mwaka huo wa 1916, walipokuwa wamezingirwa kila upande, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu huko Tabora, kila moja ya thamani ya rupia 15, nazo zina sura ya tembo. Sarafu hizo zipo hata leo mikononi mwa matajiri wanaokusanya vitu vya kale. Walakini kwa kila sarafu moja iliyoonekana, mashimo mia yamechimbwa bure, na wachimbaji wakarudi nyumbani na matope ya miguuni tu.

Vitabu navyo vimeongeza tamaa hiyo. Tangu mwaka wa 1929 watoto wa shule wamesoma kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichotungwa na Mwingereza Rider Haggard, ambamo wageni wanavuka jangwa na milima wakitafuta almasi. Ni kitabu kizuri kwa mtu apendaye kushikwa roho. Lakini katika hadithi ya namna hiyo hazina ni ya Afrika, na anayeitafuta na kuichukua ni mgeni.

Somo letu la leo lahusu hazina ya namna nyingine. Haikuwa dhahabu wala almasi. Ilikuwa karatasi zilizoandikwa. Haikufichwa na mtu mwovu, bali ilikosa mtu wa kuipokea, ikakaa miaka 35. Na mtu aliyeitengeneza alifundishwa kuandika hapa kwetu, katika vilima vya Ihangiro, huko Rubya, wilaya ya Muleba.

Jina lake aliitwa Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka wa 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, upande wa kusini wa Ziwa Viktoria Nyanza. Alikuwa mtoto wa ukoo wa watawala, ukoo wa Basilanga. Wazee wa Ukerewe husimulia kwamba Basilanga hawakuota kisiwani. Walitoka Ihangiro, wakavuka ziwa wakiongozwa na Katobaha, wakaanzisha utawala wao huko. Ndiyo maana Mhaya akisikia Kikerewe kikisemwa hashangai sana: maneno mengi huyatambua kama mtu anavyotambua sura ya ndugu wa mbali. Hata cheo cha mtawala ni kilekile, Omukama.

Baba yake alifariki Kitereza akali mtoto mdogo, naye akalelewa pamoja na mama yake katika boma la Omukama Mukaka. Hapo ndipo alipoona mambo ambayo baadaye yalijaza kitabu chake: jinsi watu wanavyoingia mbele ya mkubwa, jinsi wanavyosalimu, wanavyoamua kesi, wanavyogawana nyama. Mwaka wa 1905 alipelekwa shuleni katika misioni ya Kagunguli, palepale Ukerewe, iliyokuwa ya Mapadre Weupe. Akabatizwa, akapewa jina la Aniceti, ambalo ni jina la Papa mmoja wa karne ya 2. Mapadre walipoona akili yake, wakamchagua kwenda seminarini ng'ambo ya ziwa.

Basi mwaka wa 1909, kijana wa miaka 13, akafika Rubya. Fikirini jambo hili: wazee wa ukoo wake waliondoka Ihangiro na mitumbwi, na yeye sasa anarudi Ihangiro kutafuta elimu. Akakaa huko miaka 10. Seminari ya Rubya ilikuwa na masomo magumu. Wanafunzi walijifunza Kilatini, kwa kuwa ndiyo lugha ya Misa na ya vitabu vya Kanisa. Walijifunza Kijerumani, kwa kuwa serikali ilikuwa ya Wajerumani. Kitereza alipotoka huko alikuwa mtu wa lugha nyingi, akaendelea kujiongezea nyingine hata uzeeni. Katika seminari hiyohiyo, miaka ya baadaye, alisoma Laurean Rugambwa, mtoto wa Buhaya, ambaye mwaka wa 1960 alikuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi.

Miaka hiyo 10 haikuwa ya utulivu. Vita Kuu ilipoanza mwaka wa 1914, ziwa lilikuwa mpaka wa adui na adui. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka kutoka Kisumu, yakashuka Bukoba, yakapigana na Wajerumani siku mbili, yakaubomoa mnara wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaondoka Buhaya wasirudi tena kutawala. Hata hivyo masomo hayakufa, na mwaka wa 1917 wanafunzi wa kwanza wa Rubya wakapewa daraja la upadre.

Kitereza hakuwa padre. Mwaka wa 1919 aliacha seminari akarudi kwao, na mwaka huo akamwoa Anna Katura. Kisha akaajiriwa Mwanza kwa mfanyabiashara Mwitaliani, akafanya kazi kwa miaka mingi, hata vita vya pili vilipoanza mwaka wa 1939. Hapo akarudi Kagunguli, akawatumikia mapadre kama mwandishi, mwalimu wa dini na mfasiri.

Sasa nitawaeleza jambo moja la nyumba yake, kwa sababu bila hilo kitabu hakieleweki. Aniceti na Anna walipata watoto, lakini wote walifariki wangali wadogo. Ninyi mnajua maana ya jambo hili katika nchi zetu. Mwanamke asiye na mtoto husemwa kisimani na sokoni. Mwanamume huitwa na ndugu zake faraghani, akaambiwa, "Oa mwingine, jina la baba lisipotee." Ndugu wanaosema hivyo si wabaya; wanaogopa kuona moto wa nyumba ukizimika. Kitereza alikuwa Mkristo aliyefunga ndoa mbele ya altare, tena mtu wa ukoo wa watawala, ambao desturi iliwaruhusu wake wengi. Akakaa na Anna wake.

Katika miaka ya vita vya pili alikuwapo Kagunguli padre mmoja Mkanada, Almas Simard, aliyependa sana kujua desturi na maneno ya Wakerewe. Akamtia moyo Kitereza aandike. Kitereza naye alikuwa na hofu yake mwenyewe: aliona vijana wanaotoka shuleni hawajui tena majina ya mimea, wala adabu ya mkwe na mkwe, wala sababu ya tambiko hili au lile. Akaona kwamba wazee wakifa, mambo hayo yatazikwa nao. Angeweza kuandika orodha ya desturi, kama wageni wengi walivyofanya. Yeye akaona orodha haisomwi na mtu kwa furaha. Akatunga hadithi ndefu ya mume na mke, na desturi zote akazitia ndani yake, kila moja mahali inapotumika. Akaiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwezi wa Februari 1945.

Hadithi yenyewe yasimulia nyakati za kale, kabla ya Wazungu kufika Ukerewe. Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanaanza kunong'ona, kisha wanasema wazi, kisha wanatukana. Habari zinawafikia wazazi wa Bugonoka. Baba yake, Namwero, hawezi kuvumilia binti yake adharauliwe, anakuja na kumchukua. Myombekere anabaki peke yake katika nyumba iliyonyamaza. Apike nani? Achote maji nani? Ng'ombe wanamngoja, jirani wanamcheka. Kwa desturi angeweza kutafuta mke mwingine, na hakuna ambaye angemlaumu. Anaamua kwenda kumrudisha Bugonoka.

Hapa msomaji hushikwa roho kweli, ingawa hakuna panga wala bunduki. Myombekere anakwenda kwa wakwe zake akiwa mwenye hatia. Lazima aingie kwa adabu, akae mahali panapomfaa mkwe, aongee kwa maneno ya mzunguko. Akisema neno moja la kiburi, amempoteza mkewe. Wazee wa pale wanasikiliza, wanajadiliana, wanatoa hukumu: atampata mkewe akiisha kulipa faini ya pombe ya ndizi, tena si kidogo.

Mtoto wa Bukoba anaweza kudhani kwamba faini hiyo ni nyepesi. Lakini naye anajua kazi iliyopo. Kwetu Buhaya ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa, huvundikwa siku kadhaa mpaka zigeuke njano, humenywa, hutiwa katika mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, hukanyagwa kwa miguu hata maji yatoke. Maji hayo huchujwa, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa majani ya migomba, huachwa yachachuke. Ukikosea siku, yamekuwa machungu. Ukiharakisha, hayajawa kitu. Na huyu Myombekere hana mke wa kumsaidia! Kitereza hatuharakishi hata kidogo. Anatueleza kazi hatua kwa hatua, nani alikopa chombo kwa nani, nani alikuja kusaidia, walisema nini walipokuwa wakifanya kazi. Wasomaji wengine wamelalamika kwamba kitabu kinakwenda polepole. Mimi naona upole huo ndio utamu wake. Kila shina la mgomba linalokatwa linamsogeza Bugonoka hatua moja kuelekea nyumbani, na msomaji hajui bado kama atafika.

Bugonoka anarudi. Sasa mume na mke wanaanza kutafuta dawa. Wanakwenda kwa mganga aitwaye Kibuguma, na Kitereza anaeleza uganga wake bila kuucheka na bila kuuhubiri. Pengine mtauliza, Mwalimu wa dini aliwezaje kuandika mambo ya waganga na mizimu? Watu wengine wa misioni wangeyafuta. Lakini alikuwa akisimulia watu walioishi kabla ya Injili kufika kisiwani, naye hakutaka kuwasingizia mawazo wasiyokuwa nayo. Mkristo aliyeandika uongo juu ya babu zake hakuipamba dini yake. Hata hivyo angalieni alichochagua kuweka katikati ya hadithi: mume mmoja, mke mmoja, na uvumilivu wao. Anayejua nyumba ya Aniceti na Anna anasoma kurasa hizo kwa sauti ya chini.

Mwishowe Bugonoka anachukua mimba, anazaa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye binti, Bulihwali. Kitabu kinaendelea kuwafuata hawa nao mpaka wanakua. Kuna magonjwa, uvuvi, mifugo, uwindaji, nyoka wa kutisha, posa na arusi, ugomvi na upatanisho. Na mwisho Myombekere na Bugonoka wanafariki wakiwa wazee.

Hiyo ndiyo hazina. Tufuate sasa safari yake, maana kuandika kitabu ni jambo moja, na kukipata mkononi ni jambo jingine.

Mwaka wa 1945 kitabu kimekwisha. Nani atakipiga chapa? Kikerewe ni lugha ya kisiwa. Mpiga chapa huhesabu: wasomaji wangapi, karatasi ngapi, shilingi ngapi. Kitabu kilikuwa kinene sana, na wasomaji wa Kikerewe wachache. Hesabu haikukubali. Padre Simard alitaka kukifasiri kwa Kifaransa ili kipate njia ya kutokea Ulaya, lakini alifariki kitabu hakijapigwa chapa. Pamoja naye lilikufa tumaini la kwanza.

Miaka ikapita. Tanganyika ikapata uhuru mwaka wa 1961. Kitereza alikuwa anazeeka, na ugonjwa wa baridi yabisi ukamkamata viungo, hata kutembea kukawa taabu. Maandishi yapo tu. Mjue kwamba karatasi katika nchi zetu ina maadui wengi kuliko dhahabu. Dhahabu haili mchwa. Dhahabu haivuji mvua ikiingia paani, wala mtoto haiwashi moto wa chai. Mtu aliyefukia sarafu chini ya mwembe anaweza kulala usingizi. Mtu mwenye kitabu kimoja kisichopigwa chapa halali.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe Waamerika wawili, Bwana Gerald Hartwig na mkewe Charlotte. Bwana alikuwa akichunguza historia ya Wakerewe, na kila alipouliza habari za kale, watu walimwelekeza kwa mzee Kitereza. Huko wakasikia habari za kitabu. Wakaona kwamba kwa Kikerewe hakitatoka kamwe, lakini nchi sasa ilikuwa na lugha moja inayosomwa kila mahali, nayo ni Kiswahili. Wakamshauri akifasiri mwenyewe.

Tafakarini kazi hiyo. Mzee wa miaka zaidi ya 70, vidole vyake vinauma, aanze tena kutoka ukurasa wa kwanza! Tena Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Kuna vitu vya Ukerewe ambavyo Kiswahili cha pwani hakina majina yake, maana pwani hawavioni. Alipokosa neno aliacha lile la Kikerewe akalieleza. Ndiyo sababu Kiswahili chake si cha Unguja. Kina harufu ya ziwa, na msomaji wa Muleba hukielewa haraka kuliko msomaji wa Mombasa. Akaimaliza kazi. Mwaka wa 1972 Bwana na Bibi Hartwig wakaandika habari zake katika jarida moja la wataalamu, na jina lake likaanza kusikika mbali, lakini kitabu chenyewe bado hakijaonekana.

Hatimaye Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakikubali. Kikapigwa chapa huko China, katika majuzuu mawili, na ndani yake kimeandikwa mwaka wa 1980. Jina lake ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kutoka Februari 1945 mpaka hapo ni miaka 35. Sasa ilibaki safari moja tu: kutoka China kwa meli hadi Dar es Salaam, kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, na kutoka Mwanza kuvuka maji hadi Ukerewe, kwa mzee aliyekuwa akingoja.

Tarehe 20 Aprili 1981 Aniceti Kitereza akafariki. Kitabu kilikuwa hakijafika mikononi mwake.

Baada yake wengine waliendelea kuchimba. Mjerumani Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kijerumani, lugha ileile ambayo kijana Aniceti alijifunza Rubya. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mzaliwa wa Ukerewe na wa jamaa yake Kitereza, alikifasiri kwa Kiingereza, kikatoka Dar es Salaam mwaka wa 2002. Yeye alirudi kwenye maandishi ya kwanza ya Kikerewe, yale ya 1945, ambayo mchwa hawakuyapata.

Maswali. Taja safari mbili za kuvuka ziwa zilizosimuliwa katika somo hili, na useme kila msafiri alikwenda kutafuta nini. Kwa nini Kitereza hakuandika orodha ya desturi tu? Eleza jinsi pombe ya ndizi inavyotengenezwa nyumbani kwenu, na uonyeshe inapotofautiana na maelezo ya hapa. Wapiga chapa wa 1945 walikataa kwa hesabu; je, hesabu yao ilikuwa na makosa? Mwulize mzee mmoja wa kijijini kwenu maneno matano ya Kihaya ambayo wewe huyajui, uyaandike pamoja na maana zake, uyalete shuleni Jumatatu.